Waliotandaza Njia Juu ya Mto Kagera

   Kama uko jikoni unamenya ndizi, endelea na kazi yako, ila sogeza redio karibu kidogo, maana maneno ya leo yanatuhusu sisi wa mkoa huu wa Kagera kuliko watu wengine wowote.

Nianze kwa swali. Nikitaja Vita vya Kagera, kitu gani kinakujia kwanza? Najua. Kwa wengi inakuja sauti ya Mwalimu Nyerere redioni. Kwa wengine inakuja mizinga. Wako watakaowataja makamanda wetu: Msuguri, Mayunga, Walden. Wapo pia watakaokumbuka mama zao wakikimbia na watoto mgongoni kuelekea huku kwetu. Yote ni kweli. Lakini nani kati yetu, akisikia habari za vita vile, anamkumbuka askari aliyekuwa ameshika nyundo? Nani anamkumbuka yule aliyesimama ndani ya maji hadi kifuani, akikaza boliti gizani, ili wenzake wapite?

Hao ndio wageni wetu wa leo. Wahandisi wa medani. Kila jeshi linao. Ni kikosi chenye bunduki kama vikosi vingine, lakini mzigo wake mkubwa ni magogo, vyuma, kamba, makatapila na baruti. Kazi yao ni kuwapitisha wenzao pasipopitika, na kumzuia adui asipite. Daraja, barabara, handaki, kutega mabomu, kutegua mabomu. Mimi nashikilia jambo moja leo, na nitalirudia: vita vya mwaka 1978, hapa kwetu, vilikuwa kwanza kabisa vita vya kuvuka mto.

Tuitazame ramani, waitu. Usiwe na wasiwasi kama huna ramani mbele yako, nitaichora kwa maneno. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani walitia saini mkataba kule Berlin. Wakapiga mstari magharibi ya ziwa letu, mstari ulionyooka, kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Hawakuuliza mto uko wapi, wala kijiji kipi ni cha nani. Sasa mto Kagera wenyewe haujui kunyooka. Unatoka kule Rusumo ukipanda kaskazini, halafu unakata kona kuja mashariki, unapita Kyaka, kisha unapinda kwenda kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda. Kwa hiyo kati ya mto na mpaka ikabaki ardhi ya Tanzania iliyo ng'ambo ya mto. Ndiyo Misenyi hiyo. Kuna mashamba ya miwa, kuna ranchi, kuna vijiji, kuna msitu wa Minziro.

Umeona tatizo? Mpaka uko huku, mto uko kule, na barabara kuu ya kuunganisha pande mbili inapita mahali pamoja tu, daraja la Kyaka. Ukilishika daraja la Kyaka, umeshika mlango wa Misenyi. Ukilivunja, umeufunga.

Lakini kabla sijafika 1978, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wahandisi wa jeshi si wageni katika mkoa huu. Walikuja zamani, na walikuja kubomoa.

Mwezi Juni mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipakia askari kwenye meli kule Kisumu wakaja kuupiga mji wa Bukoba uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Unajua walifuata nini? Walifuata mitambo ya redio! Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo pale Bukoba, na kwa kituo kile habari zilisafiri. Katika msafara ule walikuwamo wahandisi Wahindi kutoka Faridkot, Punjab, na alikuwamo pia yule mwindaji mashuhuri, Frederick Selous, mzee wa zaidi ya miaka 60, akiwa na bunduki begani. Walipigana siku mbili, wakaingia mjini tarehe 23, wakaulipua mnara ule, wakapora mji, wakapanda meli zao wakaondoka. Mimi ninayeongea na ninyi kwa redio kila nikiifikiria habari hiyo nacheka peke yangu: vita vya kwanza vikubwa kupiganwa Bukoba vilipiganwa kwa ajili ya mlingoti wa redio.

Vita vya pili vya dunia navyo vikawachukua vijana wa Afrika Mashariki, wengine wakaingia Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wengine wakapelekwa kwenye vikosi vya uhandisi na vya kazi za mikono. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikwenda hadi Burma. Mwezi Desemba mwaka 1944 divisheni hiyo iliteka Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo likatandazwa daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350. Lilikuwa daraja la Bailey, na nataka tukae nalo kidogo, maana ukilielewa hilo umeelewa kazi yote ya watu hawa.

Daraja la Bailey lilibuniwa na Mwingereza Donald Bailey, mwanzoni mwa vita hiyo. Uzuri wake ni huu: haliji likiwa zima. Linakuja vipande vipande ndani ya malori ya kawaida. Kipande kimoja ni fremu ya chuma yenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya kilo 250. Watu sita wanakiinua kwa vyuma vya kubebea, watatu huku, watatu kule, wanakwenda nacho kwa hatua moja. Wanakisogeza mpaka matundu ya kipande hiki yakutane na matundu ya kipande kile. Mmoja anapitisha pini nene, anaigonga kwa nyundo, inaingia. Wanarudi kuchukua kingine. Hakuna winchi wala mtambo mkubwa. Ni mabega, nyundo, na sauti ya sajini anayehesabu.

Sasa utaniuliza, ng'ambo hakuna mtu, daraja linafikaje kule? Chukua ngazi ndefu uisukume juu ya mtaro. Ukiisukuma tu, ncha ya mbele itainama itumbukie. Lakini ukiwaambia watoto wakalie mwisho wa nyuma, ncha ya mbele itabaki juu mpaka iguse upande wa pili. Ndivyo wanavyofanya. Daraja linaungwa nchi kavu, juu ya magurudumu ya chuma, mbele linafungiwa pua nyepesi, nyuma linaachwa zito. Kisha watu wanasukuma. Linatoka, linaelea hewani juu ya maji, taratibu, mpaka pua inagusa ng'ambo. Na kama mto ni mpana au kingo ni mbovu, wanapanga mashua na maboya majini, moja baada ya nyingine, wanalaza njia juu yake. Hilo ndilo daraja la kuelea.

Haya. Tumeelewa kazi. Sasa turudi nyumbani.

Oktoba 1978. Wazee wanakumbuka ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, zikija hadi Bukoba mjini kuangusha mabomu. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Uganda yakaingia kwa nguvu, yakaifagia Misenyi yote mpaka kwenye mto. Askari wetu waliokuwa mpakani walikuwa wachache mno. Tarehe 1 Novemba, Amin akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto ni mali yake. Kesho yake Mwalimu akalihutubia taifa, na kila mwenye umri ule anajua alisema nini: kwamba kumpiga Amin tunaweza, sababu tunayo, na tumeamua.

Lakini sikilizeni lililotokea siku iliyofuata, tarehe 3 Novemba. Ndege za Uganda zilikuwa zimejaribu kulibomoa daraja la Kyaka kutoka angani, zikashindwa. Basi Waganda wakamtafuta mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Si askari. Ni fundi wa mgodini, mtu aliyezoea kupasua mwamba. Akalitega daraja, likaenda majini.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Rubani na ndege yake ya mamilioni alishindwa. Fundi mmoja mwenye kujua baruti aiweke wapi akafaulu. Na daraja lilipoanguka, mkuu wa upande wa pili akaona amemaliza kazi. Mto ni mpana, una matete, una viboko, daraja halipo, nani atavuka? Wakapumzika wakaanza kupora. Wakabeba mali ya kiwanda cha sukari, wakaswaga ng'ombe wa ranchi kwa maelfu, wakachukua hadi mabati ya nyumba. Watu waliobaki nyuma waliteswa na kuuawa, na hayo familia nyingi zinazonisikiliza zinayajua kwa majina, sina haja ya kuyaongeza.

Na sisi upande wa kusini tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa njiani. Brigedi za jeshi letu, JWTZ, zilikuwa mbali, nyingine kule Songea. Zililetwa kwa treni, kwa meli, kwa malori ya jeshi na kwa malori na mabasi ya raia yaliyochukuliwa kwa kazi ya vita. Na ulikuwa msimu wa vuli. Mnaijua barabara ya Biharamulo kuja Muleba ilivyokuwa kabla ya lami? Mimi nawaambia vijana: lami mnayopita leo kwa saa chache, enzi zile lori lilikwama asubuhi likatoka jioni. Nani aliyakwamua malori yale? Nani alikata matawi kuyatandika chini ya magurudumu? Wahandisi wa jeshi walikuwapo, ndiyo, lakini walikuwapo pia raia. Wanakijiji wenye majembe. Historia ya kikosi cha uhandisi katika mkoa huu haiwezi kuandikwa bila majembe ya wakulima wa ndizi.

Mizinga yetu ikapangwa kusini mwa mto ikaanza kurusha ng'ambo. Inasaidia, lakini mzinga haurudishi kijiji. Ili kijiji kirudi lazima mtu avuke akasimame pale kwa miguu yake. Kwanza zikavushwa doria ndogo. Kisha, katika nusu ya pili ya Novemba, wahandisi wetu wakalitandaza daraja la kuelea juu ya Kagera, na brigedi zikaanza kumiminika ng'ambo.

Naomba usilichukulie jambo hilo kwa wepesi. Anayejenga daraja vitani hawezi kujificha. Mwenye bunduki anaweza kulala chini ya kichuguu. Mwenye chuma cha kilo 250 mikononi, pamoja na wenzake watano, hawezi kulala. Akiachia yeye, wenzake wanavunjika. Mto unavuta, mashua zinacheza, na ng'ambo huna hakika nani anakutazama. Mimi hiyo naihesabu kuwa ujasiri wa daraja la juu kabisa, na sioni kwa nini tumeufundisha kidogo hivi shuleni.

Amin alikuwa ametangaza tarehe 14 Novemba kwamba anaondoka kwa hiari. Wapo wanaosema basi mto haukuwa na kazi tena. Mimi sikubaliani nao. Tangazo ni maneno. Askari wake walikuwa bado ndani ya ardhi yetu, na ilipofika mwanzo wa Januari 1979 ndipo Misenyi yote ikawa imesafishwa. Isingesafishwa na tangazo la redio, niruhusiwe mimi mtu wa redio niseme hivyo.

Baada ya hapo vita vikavuka mpaka. Mutukula ikachukuliwa usiku wa tarehe 21 Januari. Na hapa lazima niseme ukweli wote, si nusu. Mashine zinazojenga ndizo zinazobomoa. Makatapila ya jeshi letu yaliingia Mutukula yakausawazisha mji ule, nyumba kwa nyumba, kulipiza yaliyofanywa Misenyi, na raia waliokuwamo waliuawa. Mwalimu hakufurahishwa, akaagiza raia na mali zao zisiguswe. Nayasema haya kwa sababu Mutukula ni majirani zetu. Leo tunauziana nao ndizi na sabuni. Mwenye kutaka historia ya makatapila ya kijeshi asichague lile linalochimba barabara akaliacha lile lililobomoa ukuta wa mtu.

Kadiri walivyosonga kwenda Kampala, habari ikabaki ileile: maji na njia. Kule Lukaya, barabara inapita katikati ya kinamasi kikubwa. Hofu ya makamanda wetu ilikuwa kwamba adui akilivunja tuta la barabara ile, safari ya Kampala itachelewa kwa miezi. Safari hii hawakungoja lilipuliwe. Wakawahi, askari wakikanyaga kinamasi kwa miguu, na tarehe 10 na 11 Machi ikapiganwa hapo vita kubwa kuliko zote za mwaka ule. Mimi naona walikuwa wamejifunza Kyaka. Njia ikishavunjwa unalipia kwa majuma. Ukiiwahi ikiwa nzima unalipia kwa usiku mmoja. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mwaka huohuo mkoa wetu uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto: Kagera.

Je, wahandisi hawa waliishia hapo? Hapana. Mnawaona, ila hamwatambui. Ule ukuta wa Mirerani unaozunguka migodi ya tanzanaiti, kilomita 24 na nusu, uliozinduliwa Aprili 2018, umejengwa na jeshi. Maporomoko ya tope yalipoufunika mji wa Katesh, kule Hanang, mwezi Desemba 2023, wanajeshi walikuwapo wakifukua tope na kufungua barabara. Mvua ikikata barabara mahali, mkuu wa mkoa anafanya nini? Anapiga simu jeshini. Vita imekwisha lakini daraja bado linahitajika, na bado ni vipande vya chuma, pini na nyundo.

Sasa nina maombi, na ni mawili tu.

La kwanza ni kwenu ninyi mliokuwa na akili zenu mwaka 1978. Babu, bibi, mjomba. Kama uliwavusha askari kwa mtumbwi wako, sema. Kama ulibeba mawe ya barabara, kama ulipika ugali wa kikosi, kama ulikuwa fundi seremala ukaitwa kukata mbao, sema. Vitabu vimeandika makamanda, na sikatai, wanastahili. Pale Kaboya, hapa Muleba kwetu, wamelala mashujaa wa vita vile, na kila mwaka tunapeleka mashada. Lakini habari za namna kazi ilivyofanyika zimo vichwani mwenu, na nyinyi mnazidi kupungua. Wajukuu, mna simu zenye kinasa sauti. Mkalishe mzee chini, mwulize: daraja lilipoanguka ulikuwa wapi? Mlivukaje? Nani alikuonyesha njia? Kisha peleka sauti hiyo kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe. Na walimu, mkiwapeleka wanafunzi Kyaka, msiwaonyeshe magofu ya kanisa yaliyoachwa na vita peke yake. Wasimamisheni pale mtoni, malori ya Mutukula yakiwa yanapita juu, muwaulize: daraja hili lisingekuwepo, mngevuka vipi na mizinga?

Ombi la pili ni zito zaidi, na nawaomba wazazi wanyamaze kidogo walisikie. Kazi ya mhandisi wa medani ambayo haijapata kwisha katika mkoa huu ni kuondoa vyuma vinavyolipuka. Mkoa wetu umepitiwa na vita vyake wenyewe, ukapitiwa na wakimbizi wa vita vya majirani, na silaha zikaachwa porini. Mmesahau Kihinga, wilayani Ngara? Tarehe 8 Novemba 2017, mtoto wa shule ya msingi aliokota bomu la kutupa kwa mkono akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Alikwenda nalo shuleni. Likalipuka. Watoto watano walikufa na wengine wengi wakaumia.

Kwa hiyo, ukiwa unalima, unachunga au unachimba msingi wa nyumba, ukaona chuma usichokielewa, cha mviringo, chenye mkia, chenye pete, chenye kutu, usikiguse. Usikipige jembe. Usikitie moto. Usimpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama mbali kidogo, mti au jiwe, waondoe watoto, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi. Wao watawaita wanaojua. Na wanunuzi wa vyuma chakavu mnaonisikia, mtoto akikuletea kitu cha namna hiyo usimfukuze akaondoka nacho. Mwambie akiweke chini taratibu, msogee mbali nyote, piga simu polisi.

Wasikilizaji wangu, kesho watoto wanakwenda shule na wengine wanakwenda machungani. Waambieni usiku huu kabla hawajalala.